Kadi ya mdomo na kadi ya sikio

Dada uliyeuliza umsaidieje kuongea na watu mwanao wa miaka 6 mwenye usonji, maneno anayo ila ukimuuliza kitu anarudia swali lako hilohilo, pole, wangu alikuwa hivyohivyo. Sisi huku Ujiji tulianza na picha, nikapiga kwa simu vitu vyake mwenyewe, kikombe chake, mpira, dagaa, nikaprinti steshenari nikabandika kwenye boksi gumu. Akitaka mpira anakupa picha we unampa mpira hapohapo usimcheleweshe (hiyo mbinu inaitwa PECS, kifupi cha Kiingereza cha kuwasiliana kwa kubadilishana picha, ilianzia Marekani 1985). Alivyozoea ndo tukaweka kadi ya mdomo na ya sikio, mwenye mdomo anaongea mwenye sikio anasikiliza, alafu mnabadilishana. Kosa langu nilikuwa namuuliza kama polisi, shule umefanya nini, umekula nini, anaganda tu. Siku nikaweka picha ya boti nikasema "mi leo nimeona boti", nikanyamaza kama sekunde 10 hivi, akajibu "boti kubwa". Nililia jamani. Na wanaokwambia picha zitamfanya asiongee wapuuze. Ila picha ya dagaa ifiche usiku, mi nimeletewa saa nane 😂