Kwa nini p = 0.02 si "uhakika wa asilimia 98"

Mkuu, umeuliza mambo mawili kana kwamba hayajuani. La kwanza, kwenye somo la mantiki umeambiwa kauli "ikiwa A basi B" ni kweli hata pale A inapokuwa ya uongo, na hilo halikuingii akilini. La pili, kwenye utafiti wako wa kulinganisha njia mbili za kufundisha umepata p = 0.02 (p ni namba ya takwimu inayosema matokeo kama yako yangetokea mara ngapi kwa bahati tu), ukaandika "kuna uhakika wa asilimia 98 kwamba njia mpya inafanya kazi", na msimamizi akaikata sentensi hiyo bila maelezo. Kwangu mimi haya ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanahusu neno "ikiwa" na upande linakoelekea. Naanza na la mantiki, kwa sababu la pili limesimama juu yake.

Mifano mingi ya darasani inaunganisha mambo yasiyohusiana: "Ikiwa 2 + 2 = 5, basi dunia ni duara." Unaambiwa ni kweli, unabaki umekodoa macho. Acha mfano huo. Chukua huu ambao hakuna wa kuubishia: ikiwa n inagawanyika kwa 4 bila baki, basi n inagawanyika kwa 2 bila baki. Unakubali kwamba ni kweli kwa kila namba nzima? Haya, weka namba mojamoja. Weka 8: kushoto kweli, kulia kweli. Weka 6: kushoto uongo, maana 6 kwa 4 inabaki 2, lakini kulia kweli. Weka 7: uongo, uongo. Kwa kuwa umeshakubali kauli ni kweli kwa kila namba, umeshakubali ni kweli kwa 6 na kwa 7. Ile mistari miwili ya jedwali la ukweli (orodha ya kila mchanganyiko wa kweli na uongo wa A na B) iliyokuwa inakukera umeipitisha mwenyewe. Mstari ambao hutaupatia namba hata utafute mpaka kesho ni ule wa kushoto kweli, kulia uongo. Huo peke yake ndio ungeivunja kauli.

Kwa hiyo "ikiwa A basi B" inakataza jambo moja tu, A kuwepo bila B. Ukikuta B haipo, una haki ya kusema A nayo haipo: 7 haigawanyiki kwa 2, basi haiwezi kugawanyika kwa 4. Ukikuta B ipo, hujui lolote kuhusu A, na shahidi ni ile 6.

Ukiona hili ni jepesi, jaribu kadi za Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeleta jaribio hili mwaka 1966. Mezani kuna kadi nne, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unachokiona juu ni E, K, 4 na 7. Kanuni inasema: ikiwa upande mmoja una irabu, basi upande wa pili una namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa? Watu wengi sana husema E na 4. Kadi ya 4 haina msaada wowote: nyuma yake pawe na irabu au konsonanti, kanuni haivunjiki. Za kugeuza ni E na 7. Katika majaribio ya mwanzo waliopatia hawakufika mmoja kati ya kumi. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox wakatumia umbo lilelile kwa kanuni ya umri wa kunywa pombe, na washiriki wengi wakapatia, maana kila mtu anajua wa kukaguliwa ni anayekunywa bia na aliye chini ya umri, si mtu mzima. Ninalijali sana jaribio hili kwa sababu linaonyesha kwamba kuligeuza "ikiwa" ni mwelekeo wa akili zetu sote, hata za watu makini.

Sasa njoo kwenye p yako.

Nilikuwa hapo ulipo. Utafiti wangu ulilinganisha njia mbili za kufundisha sehemu za hesabu, p ikatoka 0.03, nikaandika kwa kujiamini "asilimia 97". Siku ya kuutetea, mtahini mmoja akaweka kidole kwenye mstari ule akaniuliza: "Asilimia 97 ya nini?" Nikajibu ni ya uhakika. Akauliza tena, taratibu, "Umehesabu vipi uhakika huo? Kwenye hesabu yako yote, ni wapi ulipoweka uwezekano wa nadharia yako kuwa kweli?" Nikafungua kurasa, sikuona. Hapakuwa na mahali hapo. Nimewauliza wengine swali lile mara nyingi tangu siku hiyo, na nakuuliza na wewe.

Maana thamani ya p yenyewe ni sentensi ya "ikiwa": ikiwa nadharia tete sifuri ni kweli, yaani ikiwa hakuna tofauti yoyote kati ya makundi, basi uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii niliyoiona, au kubwa zaidi, ni 0.02. Nadharia sifuri imeshachukuliwa kuwa kweli kabla hesabu haijaanza. Hesabu iliyoanza kwa kuikubali haiwezi kumalizika kwa kukutajia uwezekano wake. Ulichoandika wewe ni sentensi iliyogeuzwa: ikiwa nimeona tofauti hii, basi uwezekano wa nadharia sifuri ni 0.02. Umegeuza kadi ya 4. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi mwaka 2016, na moja ya mambo kilichoyasema wazi ni hilo: thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia kuwa kweli.

Mwenye jicho kali atanipinga hapa. Atasema: "Lakini tumekubaliana kwamba B isipokuwepo, A haipo. Ikiwa hakuna tofauti, matokeo haya hayatokei. Yametokea. Basi tofauti ipo." Pingamizi hili ni zuri na linastahili jibu kamili. Kanuni ile ni salama pale panapokuwa na "lazima". Ukiweka "kwa kawaida" mahali pa "lazima", inakatika. Angalia: ikiwa huyu ni binadamu, basi karibu hakika si rubani, maana marubani ni wachache mno kati ya watu wote. Huyu ni rubani. Kwa hiyo karibu hakika huyu si binadamu! Umbo ni lilelile, hitimisho halina maana. Kosa liko wapi? Tumeona jambo adimu tukakimbilia kuikana nadharia, bila kuuliza jambo hilo lingekuwa adimu kiasi gani kama nadharia si kweli. Rubani asiye binadamu hayupo kabisa. Uadimu upande mmoja hausemi kitu mpaka uupime dhidi ya upande wa pili.

Tuipige kwa namba, ndivyo nilivyoelewa mimi. Chukua nadharia 1,000 ambazo watafiti wanazijaribu. Tuseme 100 kati yake zina ukweli ndani yake na 900 hazina kitu. Vipimo vyao ni vizuri, vinaigundua tofauti iliyopo mara 80 katika 100, na mpaka wao wa kutangaza kwamba wameona tofauti ni p chini ya 0.05. Katika zile 100 za kweli, 80 zitapita. Katika zile 900 tupu, asilimia 5 zitapita kwa bahati, yaani 45. Jumla waliotangaza ushindi ni 125, na 45 kati yao hawana kitu mkononi. Hiyo ni asilimia 36, mbali kabisa na 5. Sasa badilisha mwanzo, sema 500 ni za kweli na 500 tupu: zitapita 400 na 25, na zilizopita bila kitu ni karibu asilimia 6. Mpaka wa p haukuguswa. Kilichobadilika ni uwezekano wa nadharia kabla ya jaribio, kitu ambacho p haikijui wala haikiulizi. Hapo ndipo pale mtahini alipokuwa anapatafuta.

Usidhani hili ni la mitihani tu. Uingereza, mwaka 1999, Sally Clark alihukumiwa kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Shahidi mtaalamu aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama hiyo ni 1 kwa milioni 73. Alichukua uwezekano wa kifo kimoja, 1 kwa 8,543, akauzidisha kwa wenyewe, kana kwamba vifo vya ndugu wawili havihusiani hata kidogo. Kosa la pili ndilo letu: namba ile ilisikika kama uwezekano wa mama kutokuwa na hatia, wakati hata kama ingekuwa sahihi ingekuwa ni uwezekano wa vifo kutokea ikiwa hana hatia. Mama kuwaua watoto wake wawili nalo ni jambo adimu mno, na adimu hizo mbili zilipaswa kuwekwa kwenye mizani moja. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilipinga hadharani matumizi hayo ya namba mwaka 2001. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2003, baada ya kugundulika pia kwamba majibu ya maabara kuhusu mtoto mmoja hayakuwa yamekabidhiwa kwa upande wa utetezi. Mama yule alifariki mwaka 2007. Kila nikiandika mambo haya namkumbuka.

Kwa utafiti wako, futa asilimia 98 kila ilipo, mpaka kwenye muhtasari. Andika: "Kama njia hizi mbili zisingekuwa na tofauti, matokeo yenye tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi yangetokea kwa takriban mara 2 katika 100 (p = 0.02)." Kisha taja tofauti yenyewe ni alama ngapi, na masafa yake ya makadirio, yaani tofauti halisi inakadiriwa kuwa kati ya ngapi na ngapi, kwa sababu p ndogo inaweza kutoka kwenye tofauti ndogo isiyomsaidia mwanafunzi yeyote, ikiwa tu sampuli ni kubwa. Halafu tafuta tafiti zilizotangulia juu ya njia hiyo na uzieleze hapohapo, hata zile ambazo hazikuona tofauti. Ukikwama kwenye hesabu ya masafa, weka wastani, mtawanyiko na idadi ya kila kundi hapa chini, tuipige pamoja hatua kwa hatua.