Mwanangu, beni haikuwa kuiga tu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu Tanga, ambako sote hatujambo, alhamdulillahi. Nimeipata barua yako unayouliza kwa nini babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mtu wa chama cha Marini katika beni, ile ngoma ya mashindano iliyochezwa kwa matarumbeta na gwaride, alikubali kuvaa sare mfano wa jeshi la mzungu na kuitwa jemadari, na kama huko hakukuwa kujidhalilisha mbele ya watawala. Umesoma mahali kwamba ilikuwa kasumba tupu. Mimi sikubaliani na hilo, na nitakueleza sababu.

Beni ilianzia Mombasa na Lamu katika miaka ya 1890, lakini mashindano ya ngoma ya mtaa kwa mtaa yalikuwapo pwani muda mrefu kabla ya hapo, kila upande ukiwa na viongozi wake, malenga wake na karamu zake za kuushinda upande wa pili kwa ukarimu. Watu wa miji hiyo walipozisikia bendi za mabaharia, za askari na za wamisheni, waliyachukua matarumbeta, kofia na gwaride wakayatia ndani ya jambo lililokuwa lao tangu zamani. Mashairi ya mafumbo waliyotupiana yalikuwa ya Kiswahili, na mzungu aliyesimama kando akitazama gwaride hakuambulia hata nusu yake.

Huku Tanganyika vyama vikubwa vilikuwa viwili. Marini walijivunia usafi, ustaarabu wa mjini na mavazi mazuri, ilhali Arinoti waliwavuta zaidi vibarua na wageni waliotoka bara, ingawa mambo hayo yalitofautiana mji hadi mji. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyoieneza beni mbali, kwa kuwa askari na wapagazi walikwenda nayo kila walikopelekwa, na waliporudi makwao wakaianzisha huko.

Hapa ningependa utulie nami kidogo, maana ndipo lilipo jibu lako. Fikiria kijana wa Tanga aliyeshuka Tabora kutafuta kazi, hana ndugu wala jamaa. Aliuliza waliko Marini, akapokewa, akapata pa kulala na chakula. Akiugua aliuguzwa, na akifa wenzake walichanga wakamnunulia sanda wakamzika kwa heshima. Vyeo vya kingi, jemadari na daktari, pamoja na vile vya wanawake waliokuwa na malkia na wauguzi wao, viliambatana na wajibu na nidhamu, na aliyevunja kanuni alitozwa faini. Katika nchi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kutawala chochote, watu hawa walichagua viongozi, wakakusanya fedha, wakaamua kesi zao na kuwasiliana na matawi ya miji mingine. Siwezi kuliita jambo hilo kujidhalilisha.

Watawala wenyewe hawakuliona hivyo, kwani baada ya vita maofisa wa Kiingereza walishuku kwamba mtandao huo ulikuwa chama cha siri cha kuwapinga. Mwaka 1935, wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walipogoma, na sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilisikiliza ushahidi mwingi kuhusu Mbeni, kwa maana beni ilikuwa imefika hadi huko. Malawi nayo ilizaa malipenga, ambayo gwaride lake hupigiwa vibuyu vinavyotoa sauti ya matarumbeta.

Usidhani pia kwamba mambo hayo yaliishia kwenye uwanja wa ngoma. TANU ilipotafuta wanawake wa kujiunga nayo Dar es Salaam mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alivipitia vikundi vya ngoma na kuzungumza na viongozi wake, nao wakawaleta wanachama wao kwa mamia. Bomba haikuwa beni, lakini desturi ya kujipanga ilikuwa ileile: palikuwa na viongozi waliozoea kuitisha mkutano na wanachama waliozoea kuitika na kuchanga.

Mama yako anakusalimu sana, na anakuomba ujibu kama utakuja kwenye harusi ya binamu yako, maana matarumbeta yamekwisha kukodiwa.

Ni mimi baba yako.