Je, nina haki ya kukataa sindano ya pepopunda?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwaka 2014, nikiwa shule, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walisema chanjo ya pepopunda imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Nikaikataa. Sasa nina mimba ya kwanza, miezi mitano, na kliniki wananisukuma nichanjwe. Naweza kukataa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haki unayo. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa yako baada ya kuelezwa, na muuguzi anayekuharakisha anakukosea.

Hofu ile siidharau. Kampeni ililenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 tu, na nani hangeuliza kwa nini? Sababu yenyewe ni kitovu cha mtoto anayezaliwa: vijidudu vya pepopunda huingilia pale kinapokatwa. Kinga ya mama humfikia mtoto akiwa tumboni. WHO na UNICEF walisema wazi chanjo ni salama.

Nimewahi kumuuguza kichanga mwenye pepopunda. Taya zimekaza, titi halishiki. Ukifunga mlango kwa kishindo anakakamaa mwili mzima, mgongo umepinda, na fahamu anazo. Mama yake alikuwa akikamua maziwa yanayomwagika kwenye kanga.

Kwa hiyo nakusihi uchanjwe. Omba kwanza uonyeshwe kichupa, usome jina na tarehe, uulize kila linalokutia shaka. Sindano ya pili hufuata baada ya wiki nne au zaidi, na iwe angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Muda bado unao.