Notisi ya kuhama Ayalandi: sisi kaunsili iliinunua nyumba tukiwa ndani

Dada uliyeuliza kama ni kweli kaunsili za huku Ayalandi (serikali za mitaa) hununua nyumba unayopanga ili usiishie barabarani: ni kweli. Nakuandikia nikiwa jikoni mwa nyumba ya namna hiyo. Ila usishangilie kwanza.

Sisi tulikuwa kwenye HAP, msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, kama wewe. Kaunsili inamlipa mwenye nyumba kodi, nasi tunailipa kaunsili kiasi fulani kila wiki kulingana na kipato. Septemba 2022 mzee mwenye nyumba akaja mwenyewe na bahasha. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba aliinunua kabla ya 2008, bei zikiwa juu kabisa, soko likaanguka, akabaki na deni la benki linalozidi thamani ya nyumba. Akapangisha kwa kukosa la kufanya. Bei zilipopanda tena akaona sasa ajinasue, auze.

Tulikuwa tumekaa miaka mitano, kwa hiyo notisi ilikuwa ya siku 180. Mke wangu akahesabu kwenye kalenda ya ukutani: Machi. Bahati serikali ikazuia wapangaji kuhamishwa kipindi cha baridi, tukavuta pumzi. Zuio likaisha tarehe 31 Machi 2023, na hapo ndipo kaunsili zilipoambiwa zinunue nyumba zenye wapangaji wa HAP waliopewa notisi kwa sababu ya kuuzwa. Lengo la mwaka ule lilikuwa nyumba 1,500.

Sasa sikiliza jambo ambalo karatasi za serikali hazikwambii vizuri. Wewe huombi kununuliwa nyumba. Anayeuza ni mwenye nyumba, na halazimishwi na mtu. Dalali alishamwambia mzee wetu kwamba nyumba tupu itagombewa na wanunuzi watano, bei itapanda. Basi siku moja, baada ya agizo hilo kwa kaunsili, nilimkaribisha ndani, tukamwekea chai ya maziwa na mandazi (mandazi aliyapenda mno, alibeba manne), nikamweleza kwamba kaunsili inalipa bei ya soko, haina mkopo wa kusubiri benki, na hana haja ya kupaka rangi wala kulipa dalali. Akanyamaza kidogo, akasema, “Nitawasubiri mpaka Krismasi.” Bila neno hilo yote yaliyofuata yasingekuwepo.

Yaliyofuata ni miezi ya kukonda. Mkaguzi akaja, akapanda darini, akakuta chumba ambacho mzee alikitengeneza zamani na watoto wetu walikuwa wanalala humo. Hakikufuata kanuni za ujenzi. Majirani wakatwambia mpango umekufa. Ikabidi mzee atafute mhandisi wa kuandika barua, chumba kikahesabiwa stoo, vitanda tukavishusha chini. Kisha wanasheria wakaanza kuandikiana kuhusu hati. Tarehe ya notisi ikapita tukiwa bado ndani. Ofisa wa kaunsili alituambia tusitoke na tusiache kulipa, na kweli mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kitasa au kutoa vyombo vyako nje kwa nguvu zake. Mkigombana, kesi inaanzia kwenye bodi ya upangaji, RTB. Hata hivyo usingizi haukuja. Funguo hazikubadilika, nyumba haikubadilika, ila Novemba ile tukawa wapangaji wa kaunsili.

Kuna kaka hapo juu kaandika kwamba huu ni upotevu wa pesa, maana haijaongezeka hata nyumba moja. Kwa hesabu ya nyumba yuko sahihi. Lakini rafiki yangu, ambaye mwenye nyumba wake hakusubiri, aliwekwa na watoto watatu kwenye chumba kimoja cha hoteli kwa zaidi ya mwaka. Hakuna jiko. Watoto wanafanyia kazi za shule kitandani na kula vya mikrowevu. Hoteli hiyo nayo inalipwa na kaunsili hiyohiyo, usiku kwa usiku. Mwanzoni mwa 2025 watu waliokuwa kwenye makazi ya dharura nchi nzima walipita 15,000, na zaidi ya 4,500 kati yao ni watoto.

Ubaya ni kwamba kwako wewe mlango umebana. Mwaka 2025 serikali ilitenga euro milioni 325 za kununua nyumba zilizokwisha kujengwa, na sehemu ya pesa hizo ikaenda kwenye manunuzi yaliyoanza 2024. Baadhi ya kaunsili zikasimamisha maombi mapya. Kwa hiyo usingoje barua. Kesho asubuhi nenda kaunsilini na nakala ya notisi, omba jina la ofisa anayeshughulikia, kisha mwulize mwenye nyumba kama yuko tayari kuiuzia kaunsili. Kama kipato chenu kimezidi kiwango cha nyumba za kaunsili, uliza mpango mwingine unaoendeshwa na Housing Agency, wakala wa serikali wa mambo ya nyumba, upo tangu Aprili 2023.

Na kabla ya yote, iangalie notisi yenyewe. Ya kuuza lazima iambatane na kiapo cha mwenye nyumba kwamba anauza kweli, na nakala iwe imepelekwa RTB siku ileile. Ikikosa hayo ni batili, anaanza upya. Threshold, shirika la hisani linalosaidia wapangaji, wanaikagua bure, wapigie simu. Tuandikie hapa tarehe iliyopo kwenye notisi na umekaa miaka mingapi, tuhesabu pamoja.