Mkufu wa kufuli ama pete? Mimi pete ilinichoma kweli

Dadangu ulouliza kama huo mkufu wa chuma wenye kakufuli alokuletea mchumba wako toka Ujerumani ni sawa na pete ama ni kukufunga kamba kama mbuzi, ngoja nikupe yangu. Mi fundi umeme wa magari hapa Majengo, Mombasa, na hii mambo ya pete ilinichoma, na sisemi kwa mafumbo.

Nilipooa mke wangu akataka na mimi nivae. Nikamwambia babangu kaishi na mamangu miaka na miaka hana hata uzi kidoleni, na kadhi siku ya nikaha aliuliza mahari na mashahidi, pete hakuuliza. Akanijibu sasa mimi nina hina mpaka viwikoni, kidani, bangili, anayeniona ajua huyu mke wa mtu, wewe ukienda Kongowea waonekana bachela. Nikakosa la kusema. Dhahabu kwetu mwanamume havai, basi nikaenda kwa sonara Mji wa Kale akanichongea ya fedha.

Sasa mimi fundi mzima nikasahau kuwa fedha ndio inapitisha umeme kuliko madini yote, hata shaba inaifuata nyuma. Siku moja nafungua betri ya Probox, volti 12 tu, hiyo hata ukiishika kwa mkono mtupu huhisi kitu, spana iko kwenye kichwa cha chanya, pete ikagusa spana na huku imegusa bodi ya gari. Volti ndogo lakini ampea ni mamia, na zote zikapita kwenye kipete changu. Kabla sijapiga kelele kilikuwa kishaiva, kukivua nikavua na ngozi.

Narudi nyumbani na bendeji nadhani mtu atalia, swali la kwanza: "Na pete i wapi?"

Kesho yake akaitia kwenye uzi mweusi akanivalisha shingoni ndani ya shati. Gereji wakanicheka ati nimevishwa kola kama mbwa wa polisi, wakacheka wakachoka. Ila angalia, alichagua uzi wa pamba mwembamba makusudi, sababu mi nainamia injini siku nzima na ukinaswa na feni belti ukatike wenyewe. Umeshakatika mara mbili. Na siku sijisikii kuvaa nautundika msumarini pale kwenye kioo, haniulizi.

Kwa hivyo kitu cha shingoni chenyewe hakina shida. Jirani zetu Wahindi bwana harusi humfunga mke mangalsutra, zile shanga nyeusi na dhahabu, na ndio pete yao. Hata hiyo ya kufuli mchumba wako hakuizua yeye, huko Ulaya na Marekani kuna wapenzi, watu wazima, wameafikiana mmoja aongoze na mwengine afuate, na kola kwao ina uzito wa pete ya ndoa kabisa, na kuna za kuvaa kazini zinafanana na mkufu wa kawaida mtu wa nje asitambue. Lakini hao huzungumza kwanza, kila mmoja akubali, na anayevaa akisema basi ni basi. Wewe ulizungumzishwa, ama ulifungwa tu ukaambiwa ni zawadi?

Maana kidani cha mke wangu kimefungwa shingoni miaka yote hii na ni mali yake mwenyewe. Mwaka wa 2020 kazi ilipokufa kwa corona alivua bangili mbili za karati 22, akampelekea sonara zikapimwa gramu, akaja na pesa ya kodi na unga, na mimi ruhusa sikuulizwa wala sikutarajia kuulizwa. Hicho ndicho nakiangalia mimi, si chuma wala dhahabu.

Halafu umesema ufunguo anao yeye. Anao wapi, Hamburg? Ukivimba shingo usiku, ama hospitali wakitaka kukupiga eksirei, utapiga simu Ujerumani?

Mwombe ufunguo wa pili, mwombe vizuri tu, usikilize atakavyojibu. Akikupa, vaa kwa raha zako na asikuseme mtu. Akikataa nitafute, kakufuli kama hako nakakata kwa koleo na sikutozi hata shilingi.