Magwiji tusiowaona

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama dunia ya leo bado inazaa magwiji wa sanaa na sayansi. Naamini inawazaa, ila sisi tuna pupa ya kuwatambua, na tumezoea kumtafuta mtu mmoja mwenye jina kubwa.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alipimwa akakutwa na malaria. Nilimyeyushia vidonge vya dawa mseto kwenye kijiko, asubuhi na jioni, na siku ya tatu aliamka akidai mahamri na mbaazi. Dawa hiyo ina asili yake katika artemisinini, iliyopatikana kwenye mmea wa jamii ya pakanga kwa kazi ya Tu Youyou wa China na wenzake. Majaribio yao ya awali hayakuwa na matokeo ya kutegemewa, mpaka aliporudia maandishi ya tabibu Ge Hong, ya miaka 1,600 hivi iliyopita, yanayoagiza majani yalowekwe majini kisha yakamuliwe, wala hayataji kuchemsha. Hapo alitambua kwamba huenda joto ndilo linaloiharibu dawa, akaikamua kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza, kabla ya kuwapa wagonjwa. Muundo wa dawa ulipochapishwa mwaka 1977, makala haikuwa na jina la mtu hata mmoja, na Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Msomaji aliyeulizwa swali lenu mwaka 1980 angejibu, kwa moyo safi kabisa, kwamba magwiji wamekwisha.

Nakubali kwamba siku hizi kazi nyingine ni za umati: makala ya mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, chembe ndogo mno inayochunguzwa na wanafizikia, ina waandishi zaidi ya 5,000. Lakini jina kuzama katika orodha si dalili ya akili kupungua.

Kwenye sanaa, nasi tuna ushahidi wetu. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na tunazisoma tungo zake kwa sababu Mwalimu Sikujua alizihifadhi na mmisionari Taylor akazinakili, miongo kadhaa baadaye, hapa hapa Mombasa. Mashairi ninayoyasikia yakighaniwa harusini leo hurekodiwa kwa simu, na simu ikijaa, yanafutwa.

Msomaji wenu,
Mombasa