Ugali na upasuaji wa kupunguza uzito

Dada wa Kisumu, umeuliza kama ni lazima uache ugali kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito. Si milele. Ila wiki mbili hivi za mwisho wengi huambiwa wapunguze sana wanga na mafuta ili ini linywee. Ini lililojaa mafuta humzuia daktari asilifikie tumbo vizuri. Samaki wa kuchemsha, mayai na sukuma vitakushibisha. Soda achana nayo leo. Kama unameza dawa za sukari, mwulize daktari kwanza, maana kwa mlo huo sukari yaweza kushuka ghafla. Jizoeze kutafuna polepole bila kushushia na maji. Na kwenye bajeti (hapa wengi husahau) weka vitamini: utazimeza maisha yako yote.